Bahari Iko Mbele, Mzigo Uko Nyuma

Ukitoka Mwenge kwenda Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo, mkono wa kushoto ardhi inapanda. Huko juu ndiko kuliko Makongo Juu, Goba, Mbezi Juu na Salasala, vilima ambako watu wenye uwezo wa Dar es Salaam wamekuwa wakijenga kwa kasi kwa miaka 20 hivi iliyopita. Anayekuuzia kiwanja huko hashughuliki kukuonyesha udongo. Anakusimamisha ukingoni, ananyoosha kidole kwenye Bahari ya Hindi, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo.

Nyumba nyingi za vilima hivyo sasa zimeingia umri wa kukarabatiwa. Dari ya jipsamu ina madoa, rangi ya nje imepauka, na mwenye nyumba ameshakusanya picha kwenye simu: jiko jipya, taa za kufichwa darini, vigae vikubwa vinavyong'aa, bwawa la kuogelea ambalo ukilitazama unadhani linamwagikia baharini. Sina ugomvi na uzuri. Aliyetafuta fedha yake kwa halali ana haki ya kuishi pazuri. Ninachokitetea ni mpangilio wa matumizi: kwa nyumba ya mlimani, shilingi ya kwanza ya ukarabati iende nyuma ya nyumba, kwenye ukuta unaozuia udongo, na ya pili iende kwenye njia za maji. Sebule ingoje.

Kujenga mlimani ni kuchonga upande mmoja na kujaza upande wa pili. Upande uliochongwa unabaki na ukingo wa udongo uliosimama, na ukingo huo unashikiliwa na ukuta. Udongo wa vilima hivi kwa sehemu kubwa ni mwekundu, wa kichanga chenye mfinyanzi. Ukiwa mkavu unasimama wima kana kwamba hautaanguka milele. Ukilowa, hauna simile. Ndiyo maana barabara nyingi za mitaa ya huko zinageuka makorongo kila masika, na ndiyo maana viwanja vingine vinaliwa pembeni mwaka hadi mwaka.

Nenda nyuma ya nyumba mojawapo siku ya pili baada ya mvua kubwa ya Aprili, uutazame ukuta kwa karibu. Mara nyingi utakuta rangi imevimba kama malengelenge, chini yake kuna unga mweupe wa chumvi, na kimstari cha ukijani kinapita usawa wa goti kuonyesha maji yalipofikia. Tafuta matundu ya kutolea maji. Yakiwa hayapo, au yapo lakini yamezibwa na plasta ili ukuta upendeze, hapo ndipo pa kuanzia ukarabati wako, hata kama jikoni makabati yananing'inia.

Hesabu yake si ngumu. Ukuta wa mita 3 kwenda juu, ukishikilia udongo mkavu wa kichanga, unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2.7 kwa kila mita 1 ya urefu wake. Udongo huohuo ukijaa maji hadi juu na maji yakakosa pa kutokea, nguvu hiyo inafika karibu tani 6. Ukuta ni uleule, nondo ni zilezile, mzigo umezidi mara mbili kwa usiku mmoja. Kuta nyingi zinazoanguka wakati wa masika zilijengwa kwa kipimo cha udongo wa Agosti.

Dawa yake inajulikana kwa mhandisi yeyote wa majengo. Nyuma ya ukuta inawekwa kokoto safi, unene wa sentimita 30 hivi, iliyozungushiwa kitambaa cha kuchuja ili udongo usiingie ukaziba. Chini kabisa linalazwa bomba lenye matundu, lenye mwinamo wa kupeleka maji pembeni mwa nyumba. Ukutani yanaachwa matundu kila baada ya mita 1.5 au 2. Na juu ya ukingo, kabla maji ya mlima hayajafika nyuma ya ukuta, unachimbwa mtaro wa zege wa kuyadaka. Kwa ukuta uliokwisha kujengwa, mtaro huo wa juu ndio ukarabati wa gharama nafuu kuliko yote na wenye faida ya haraka. Matundu nayo yanaweza kutobolewa baadaye. Lakini ukuta ulioanza kuinama hautibiwi kwa drili. Huo unahitaji mhandisi aje aupime, na mpaka afike, mtu yeyote asichimbe chini ya msingi wake kupanda maua au kupitisha bomba, kwa sababu udongo wa mguuni ndio unaouzuia usiteleze.

Wapo wanaotaka kupanua uwanja wa nyuma na hivyo kuupandisha ukuta kutoka mita 2 hadi 4. Wajue kwamba kimo kikizidi mara 2, msukumo unazidi mara 4. Ni heri kuta mbili fupi zilizoachana kwa ngazi pana, katikati yake bustani. Kwenye mteremko wenyewe panda majani ya vetiva. Mizizi yake haitambai juujuu, inashuka wima mita 2 hadi 3, na imetumika kushikilia kingo za barabara na reli katika nchi nyingi za joto. Uzuri wake ni wa kawaida tu, nakubali, lakini bogenvilia inaweza kupandwa mbele yake.

Upande wa pili, ule uliojazwa kifusi, una matatizo yake. Nyumba ambayo nusu yake imekaa kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye kifusi huzama upande mmoja, na ufa unajitokeza hasa pale pande hizo mbili zinapokutana. Unaanzia pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Fundi wa rangi ataujaza na kuufunika kwa siku moja. Usimruhusu kwanza. Paka kipande cha jipsamu kama upana wa vidole viwili kukatiza ufa, andika tarehe juu yake kwa penseli, kisha ukiache kipite masika na vuli. Kikipasuka, nyumba bado inatembea, na kila senti ya marumaru utakayolaza juu ya sakafu ile itapasuka nayo. Kikibaki kizima, paka rangi kwa amani.

Na bwawa? Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita 1.5 lina maji yenye uzito wa tani 48, kabla hujahesabu zege lake. Watu huliweka ukingoni kwenye kifusi kwa sababu ndiko bahari inakoonekana. Likizama sentimita chache upande mmoja linapata ufa, na maji yanayovuja usiku kucha yanaingia palepale ambapo hutaki maji yaingie. Anayelitaka bwawa mlimani alisimamishe juu ya nguzo zilizoshuka hadi ardhi ngumu, au alirudishe upande uliochongwa na akubali kuiona bahari akiwa kibarazani.

Kuna jambo ambalo katika mazungumzo ya ukarabati halitajwi kabisa, nalo ni jirani wa chini. Kiwanja cha mita za mraba 1,000 kikinyeshewa mvua ya milimita 50 kinapokea lita 50,000. Kikiwa na majani na miti, sehemu kubwa ya maji hayo inanywewa na ardhi. Kikiwa kimelazwa pevingi kutoka geti hadi ukuta wa nyuma, karibu yote yanatoka nje kwa kasi, yanachimba barabara, yanaingia kwa jirani, yanaungana na ya wenzake na kushuka kwenye mabonde ya mito kama Mbezi na Tegeta. Mvua za Desemba 2011 zilipoua watu mabondeni Dar es Salaam na kuwafanya mamia ya familia wahamishiwe Mabwepande, lawama nyingi ziliwaangukia waliojenga bondeni. Walikuwa mahali pa hatari, ni kweli. Lakini maji yaliyowafikia yalikuwa yameteremka kutoka juu, na sisi wa juu hatujawahi kuulizwa tumefanya nini na mvua inayoangukia mapaa yetu.

Jibu linaweza kuwa zuri kwa pande zote. Paa la mita za mraba 300, katika jiji linalopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, linakusanya lita 300,000. Hata ukipoteza moja ya tano, zinabaki lita 240,000, sawa na maboza 24 ya lita 10,000. Watu wa milimani wanajua vizuri uchungu wa kungoja boza, kwani presha ya bomba huko juu ni ya mashaka, na visima vingi vya Dar es Salaam vinatoa maji yenye chumvi. Tangi la zege chini ya maegesho ya magari, likiwa na chujio la majani na bomba la kutupa maji ya kwanza yanayosafisha vumbi la paa, litamwagilia bustani, litafua, litaosha vyoo. Chumvi ya kisima ikiacha kupita kwenye mabomba, na hita nayo itapumua. Kabla ya masika litolewe maji yapungue, lipate nafasi ya kupokea. Na mahali ambapo gari halipiti, ng'oa pevingi urudishe majani.

Majitaka nayo yasisahaulike. Shimo la kunyonyea maji likichimbwa kwenye mteremko, maji hayaendi chini tu, yanaenda pembeni, na mita kadhaa chini yanaibukia ukutani kwa jirani yakiwa na harufu. Ukiongeza vyumba viwili vya wageni na bafu zake bila kuongeza ukubwa wa karo, umeongeza tatizo ambalo wewe hutaliona kwa sababu linatokea upande wa chini. Shimo liwe mbali na ukingo na mbali na ukuta wowote wa kuzuia udongo. Nafasi ikiwa ndogo, afadhali karo lisilopitisha maji, linalonyonywa na gari.

Sasa tupande juu ya paa. Mtindo uliotawala miaka hii ni wa nyumba zenye paa la kuficha, ambapo bati linalala nyuma ya ukuta uliopandishwa kuzunguka nyumba, na kutoka barabarani unaona maboksi meupe na meusi yaliyopangana. Kwa macho yangu ni mtindo ulioletwa Pwani bila kuulizwa kama unaiweza mvua ya Pwani. Nyumba ya namna hii haina michirizi ya kuikinga. Maji yote ya paa yanamiminika kwenye gata lililobanwa kati ya bati na ukuta, kisha yanategemea mabomba mawili au matatu yasizibwe na majani. Mvua ya milimita 50 kwa saa inatupa juu ya paa lile la mita za mraba 300 lita 15,000 kwa saa. Bomba likiziba, gata linajaa, maji yanageukia ndani, na jipsamu ya chumba cha kulala inaanza kulia. Mwenye nyumba anaita fundi wa jipsamu, kumbe ugonjwa uko mita 2 juu ya dari.

Ukarabati wa paa hili si lazima uwe wa kulibomoa. Ongeza mabomba ya kuteremshia maji. Toboa ukutani matundu ya dharura, sentimita chache juu ya usawa wa gata, ili siku bomba likiziba maji yamwagike nje na wewe uyaone. Weka wavu wa majani, na weka ngazi ya kudumu ya kupandia, kwa sababu gata ambalo halifikiki halisafishwi. Juu ya kila dirisha jenga kivuli cha zege au cha mbao. Chini ya bati lazwe karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto, na rangi ya bati iwe nyepesi. Haya mabati ya kijivu kilichoiva na meusi yanakusanya jua la Februari na kulishusha kitandani kwako usiku. Wakati fundi yuko juu, akague namna kenchi zilivyofungwa kwenye ringbimu. Kimbunga Hidaya kilipotua pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024 kilitukumbusha kwamba vimbunga si vya Msumbiji peke yake, na wazee wa Lindi wanakijua kile cha 1952. Nyumba ya mlimani ndiyo inayokutana na upepo wa kwanza.

Jua ni suala ambalo juu yake mlima na bahari vinagombana. Bahari iko mashariki. Mandhari yote ya fedha iko mashariki, kwa hiyo vioo vikubwa vimeelekezwa mashariki, na jua la asubuhi linaingia moja kwa moja. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kwa kuta za kaskazini na kusini, kujikinga ni rahisi: Juni adhuhuri jua liko upande wa kaskazini kwa nyuzi 60, na mchirizi wa mita 1.2 unatia kivuli mita 2 za ukuta. Desemba, upande wa kusini, mchirizi huohuo unafunika mita 4. Lakini mashariki saa 2 asubuhi jua liko chini, nyuzi 25 tu, na mchirizi wenye upana huo unatoa kivuli cha nusu mita hivi. Hapo panahitajika kinga inayosimama: mbao za luva zinazogeuka, ukuta wa matofali ya matundu, baraza lenye kina cha mita 3, au miti. Mwarobaini ukipandwa chini ya mteremko unakua hadi kufunika dirisha la chini, na la juu linaendelea kuiona bahari. Pazia la ndani halisaidii kitu kikubwa. Joto likishapita kioo limekwisha kuingia.

Mfano mzuri uko jirani kabisa na Makongo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihamia kilimani pake mwaka 1964, na majengo yake ya miaka ile ni membamba, yana korido za wazi na vizuia jua vya zege mbele ya madirisha. Tembea humo adhuhuri ya Januari, kisha uingie kwenye nyumba ya vioo iliyojengwa mwaka jana huku umeme umekatika. Walioyachora majengo ya chuo hawakuwa na kiyoyozi cha kuwaokoa, kwa hiyo walilazimika kufikiri.

Upepo, kwa bahati njema, unakuwa rafiki wakati unaohitajika zaidi. Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, kutoka kaskazini mashariki, na kilimani inavuma kwa nguvu kuliko bondeni. Nyumba iliyofunguliwa upande huo na kuachiwa mlango wa kutokea upepo upande wa pili inaishi na pangaboi peke yake kwa saa nyingi. Kinachotukwamisha ni madirisha ya alumini ya kusukuma. Dirisha la kusukuma, hata liwe pana namna gani, linafunguka nusu tu. Ukiweka na wavu wa mbu, kinachoingia ni mabaki. Badilisha yale ya kaskazini mashariki yawe ya luva au ya kufunguka kama mlango, na juu ya milango ya ndani acha matundu ili hewa ivuke vyumba. Upande wa nyuma, kati ya nyumba na ukuta wa udongo, hewa husimama. Nafasi hiyo ikiwa ya kupenya mtu mmoja tu, ukuta wa nyumba haukauki na kuvu haliondoki hata upake rangi gani. Ikiwezekana kupanuliwa wakati wa ukarabati, na ipanuliwe.

Vyuma vinahitaji maneno machache. Chumvi ya bahari inapanda na upepo hadi vilimani, ingawa si kwa ukali wa Masaki au Kunduchi. Vishikio vya roshani viwe vya stenlesi ya daraja la 316, maana ile ya 304 inaota madoa ya kahawia. Fremu za sola ziwe za alumini na bolti za stenlesi, paneli zikielekezwa kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua izioshe. Milango ya nje ya mninga au mkongo itavumilia kuliko ya mbao za kugandishwa. Na zege lolote jipya lichanganywe kwa maji yasiyo na chumvi, na mchanga usiwe wa ufukweni, la sivyo nondo zitaota kutu, zitavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Kazi za namna hii zina kibali chake. Goba iko chini ya Manispaa ya Ubungo, Salasala na Mbezi Juu chini ya Kinondoni, na ukuta mkubwa wa kuzuia udongo unapaswa kuwa na mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kiwanja kikigusa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli zinazoathiri ukingo.

Kalenda nayo ina lake. Kipupwe, kuanzia Juni, ndio wakati wa kuchimba, kwa kuwa ukingo uliofunuliwa hauwezi kuachwa wazi mvua ikinyesha. Zege huhesabiwa limefikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, na hizo ni siku za kulimwagilia maji, si za kulitazama. Vuli inaweza kuanza Oktoba. Anayetaka ukuta wake uikute mvua ukiwa tayari amwite mhandisi Mei, wakati maji ya masika bado yanaonyesha yanakopita, na awe amemaliza kumwaga zege kabla Agosti haijaisha.